Waridi la kaburini limekauka: je, ni ishara?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Niko Kibosho, Moshi. Mume wangu alifariki Agosti mwaka jana baada ya kuugua muda mrefu, na genge langu la vyakula nikalifunga maana mtaji wote ulikwenda kwenye matibabu. Katekista wetu aliniambia nipande maua na kuyatunza nikisali, nitaliona tumaini. Februari nikanunua waridi la kiriba lililokuwa limechanua vizuri, nikalipanda ubavuni mwa kaburi pale kihambani, shambani petu pa nyumbani. Wiki ya tano likakauka lote. Wifi yangu akasema hiyo ni ishara. Sasa naogopa hata kupanda jingine. Naomba kujua, habari hii ya maua ina msingi katika imani yetu au ni mambo ya kizungu? Na kama ina msingi, nipande nini, na vipi, ili Pasaka ya 2027 niwe na ua la kumpelekea? Fedha sina nyingi.

JIBU: Milele na milele, amina. Pole sana kwa msiba, dada, na pole kwa genge. Nianze na hilo linalokutisha, kwa sababu mwenye hofu hasikii mengine. Waridi lako halikuleta ishara yoyote. Lilikufa kwa sababu ambazo mtu wa kitalu angekutajia kabla hujalipanda, na katika barua yako fupi naziona nne.

Kwanza ni mwezi. Februari kwenu ni kiangazi, jua la mchana ni kali hata kama usiku kuna baridi ya mlima. Mche uliozoea kivuli cha kitalu ukiwekwa ardhini wakati huo, majani yanapoteza maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kuvuta. Pili, ulilinunua limechanua. Sote tunavutwa na mche wenye ua, ila ua ndilo linalokula akiba ya mche, na mizizi iliyotoka kutikiswa haiwezi kulisha ua na kujishikiza ardhini kwa wakati mmoja. Waridi la kiriba hukatwa maua yote na matumba yake siku ya kupandwa, hata kama moyo unauma. Tatu ni kivuli. Waridi linataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku, na kihamba chenye migomba na mikahawa hakina jua hilo. Tena mizizi ya mgomba hutambaa juu juu, hivyo maji unayomwagia waridi yanawahiwa na mgomba.

Sababu ya nne ndiyo wengi hawaijui, nayo ni kaburi lenyewe. Kaburi likichimbwa, udongo wa chini kabisa huja juu na ule mweusi wa juu, wenye mboji, huzama chini. Kwa hiyo pembeni mwa kaburi unapanda kwenye udongo ambao haujawahi kulisha mmea wowote. Kisha mafundi wakaja kujengea: saruji ikakorogwa papo hapo, mabaki yakamwagwa pembeni. Saruji ina chokaa, na chokaa ikizidi kwenye udongo waridi linashindwa kufyonza madini ya chuma. Kumbuka majani yalivyokuwa. Kama yaligeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, basi saruji ndiyo iliyoliua waridi. Kama yalikauka kuanzia kingoni kuingia ndani, shuku kiu, au samadi mbichi iliyounguza mizizi. Na kama yalilegea huku udongo umelowa, ulimwagilia kupita kiasi mizizi ikaoza. Zaidi ya hayo, kaburi la mwaka wa kwanza bado linatitia, hasa masika yakipita juu yake, na udongo ukishuka unakata mizizi michanga bila wewe kuona.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea, na hakuna hata moja linalomhusu marehemu wala sala zako.

Sasa msingi wa imani. Katekista wako hakukosea, ila pengine hakupata nafasi ya kukueleza ni ua la namna gani. Katika mahubiri ya mlimani, Mathayo sura ya 6, Bwana anatuambia tuyatazame maua ya mashamba, na kwamba hata Sulemani katika fahari yake hakuvikwa kama mojawapo la hayo. Soma aya inayofuata. Anasema wazi kuwa majani hayo leo yapo na kesho yanatupwa kwenye tanuri, maana kule nyasi kavu zilikuwa kuni za kuokea mkate. Alichagua kwa makusudi kitu kisichodumu. Hakuahidi kwamba ua litabaki. Alisema Baba huliona na kulivika kwa siku zake chache, na kwamba wewe una thamani kuliko hilo. Kwa hiyo ua linaponyauka mikononi mwako halipingani na neno lake hata kidogo.

Kisha kuna Isaya 35, jangwa litakalochanua kama waridi. Neno la Kiebrania lililoko pale ni havatseleti, nalo linatokea mara mbili tu katika Maandiko yote: hapo, na katika Wimbo Ulio Bora 2:1. Baadhi ya wafasiri wa zamani waliliita waridi. Wengi wanaochunguza mimea ya Biblia leo wanaona ni ua linaloota kutoka kwenye kitunguu ardhini, jamii ya narsisi au ya zafarani. Mmea wa namna hiyo kiangazi chote huuoni. Ukipita juu yake utaapa kwamba hapo hapana kitu. Mvua ya kwanza ikigonga ardhi, unatoka na ua wake. Naomba ulishike hilo, kwa sababu hapo ndipo ushauri wangu wote unapotoka: kwa mtu aliye katika hali yako, usitafute ua la kudumu kuchanua. Tafuta ua linalojua kulala chini.

Kuna andiko jingine utakalosomewa sana, Ayubu 14, kwamba mti una tumaini, ukikatwa utachipuka tena, kwa harufu tu ya maji. Ni andiko zuri mno, lakini wengi huishia aya ya 9. Aya ya 10 Ayubu analia kwamba mwanadamu si kama mti, akifa amelala, na aya ya 14 anauliza kama mtu akifa atakuwa hai tena. Anayemsomea mjane habari za mti na kufunga kitabu kabla ya kilio hicho hajamtendea haki. Wewe soma mpaka mwisho, lia na Ayubu, halafu nenda Yohana 19:41, anaposema pale aliposulubiwa Bwana palikuwa na bustani, na kaburi jipya ndani yake. Swali la Ayubu linajibiwa katika bustani, kwa mwanamke aliyekuwa analia kaburini hata akamdhania Bwana kuwa ni mtunza bustani. Tumaini letu liko kwake aliyefufuka. Maua ni ya kutufundisha macho kungoja.

Na juu ya kungoja, Kanisa lenyewe hutufunza kila mwaka. Wakati wa Kwaresima altare haipambwi maua, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Siku zile altare ikiwa tupu, hakuna anayesema Mungu ametoka kanisani.

Kuhusu mambo ya kizungu: shada la plastiki lililofungwa kwa nailoni, hilo limetoka mbali. Lakini kusema kwa mmea ni jambo la mlima wetu tangu kabla ya wamisionari. Wachagga wana isale, mmea wa majani marefu unaopandwa vihambani. Isale ni mpaka wa kihamba, liko makaburini, na anayeomba radhi akija na isale mkononi, ni vigumu mno kumfukuza. Nakutajia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya vitendo: using'oe masale yaliyo karibu na kaburi ili kupata nafasi ya maua. Unaweza kuwa unang'oa mpaka, na ugomvi wa mpaka ukianza ukoo mzima utaingia. Ya pili ni wifi yako. Neno lake lilikuumiza, naye pia amefiwa na kaka. Kama kuna jambo lililobaki kati yenu tangu msiba, limalizeni kwanza, kwa desturi yenu na kwa sala, ndipo mpande. Tena mkipanda pamoja ni bora zaidi.

Sasa tupande. Nakushauri mimea miwili, mmoja wa juani kwa ajili ya kukata na mmoja wa kivulini kwa ajili ya kaburi. Waridi tuliache mpaka kaburi limalize kutitia.

Wa kwanza ni gladiola, ule mrefu wenye majani kama panga na maua yaliyopangana juu ya kikonyo kimoja. Tafuta vitunguu vyake 15 vya kupandia, vyenye upana wa sentimita 3 au zaidi. Uliza kwanza wanawake wanaopamba kanisa parokiani, kwa kuwa mwenye gladiola huwa na vingi kuliko anavyohitaji, ndipo uende kwenye vitalu. Kitunguu kizuri ni kigumu ukikibonyeza na hakina madoa meusi yaliyodidimia. Afadhali kinene kilicho kifupi kuliko kipana kilicho bapa.

Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi. Kwa hali ya hewa ya Kibosho gladiola huchukua takriban siku 80 hadi 95 tangu kupandwa hadi kuchanua. Chini Moshi mjini kuna joto zaidi, huwahi kwa wiki moja hivi. Usipande vyote siku moja, kwa sababu mawingu yakizidi au jua likizidi unakosa tarehe. Panda 5 tarehe 24 Desemba, 5 tarehe 31 Desemba, na 5 tarehe 7 Januari. Hizo ni siku 94, 87 na 80 kabla ya Pasaka. Najua tarehe 24 Desemba nyumba zote za uchaggani zimejaa watu waliorudi nyumbani, na kwa mfiwa ndiyo wiki ngumu kuliko zote. Ndiyo maana sijaiondoa. Vitunguu vitano ni kazi ya nusu saa, na watoto wakiwepo wakupe mkono.

Chagua mahali pa jua, mbali na migomba walau mita 3. Wiki mbili kabla, lima tuta la urefu wa mita moja na nusu na upana wa sentimita 60, ulinyanyue sentimita 15, maana katikati ya Machi mvua za masika zinaweza kuanza na kitunguu kikikaa kwenye maji kinaoza. Changanya debe moja la samadi iliyooza kabisa. Iliyooza haina harufu ya zizi, haina joto ukiingiza mkono, na inapukutika. Usiweke majivu ya jikoni kwa wingi, yanafanya kazi ile ile ya saruji. Chimba shimo la sentimita 10 hadi 12, weka kitunguu ncha ikiwa juu, nafasi kati ya kimoja na kingine sentimita 15, funika, mwagilia mara moja ishibe. Hapo usimwagilie tena kila siku, kwa kuwa kitunguu kisicho na mizizi hakinywi maji, kinalowa tu. Subiri ncha ya kijani itokeze, wiki mbili hivi, ndipo uanze kumwagilia mara mbili kwa wiki, lita 10 kwa tuta zima kila mara, mapema asubuhi. Tandaza majani makavu ya migomba unene wa sentimita 5, bila kugusa mashina.

Katika wiki hizo mbili mkono utawasha kufukua uone kama kimeota. Usifukue. Chipukizi la gladiola likikatwa ncha chini ya ardhi, ua la mwaka huo limekwenda.

Mambo mawili yataweza kuharibu. Januari na Februari, kukiwa kukavu, kuna vithiripi, vidudu vyembamba kuliko punje ya mtama, vinavyoacha michirizi ya rangi ya fedha kwenye majani. Vikizidi, tumba linakauka bila kufunguka. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, nyunyiza jioni juu na chini ya majani, rudia kila baada ya siku 5, mara tatu. La pili ni upepo: kikonyo kikifika magotini, chomeka fito ya mita moja kando yake, ufunge kwa kamba ya mgomba, usikaze.

Kata asubuhi na mapema, ua la chini kabisa likianza kuonyesha rangi. Mengine yatafunguka yenyewe ndani ya maji. Acha majani 4 kwenye shina, hayo ndiyo yatakayolisha kitunguu. Kaburini usiweke kopo la maji matupu, mbu watazalia. Jaza mchanga, uloweshe vizuri, kisha chomeka maua.

Wa pili, wa kivulini, ni lile ua jekundu la duara kama mpira, lenye nyuzinyuzi nyingi, linalotokea ghafla mvua zikianza na wakati mwingine kabla hata ya jani. Wataalamu wanaliita Scadoxus multiflorus. Ni ua la Afrika, la nchi hii, linaota lenyewe kwenye misitu na vichaka, nalo linavumilia kivuli cha kihamba. Usiende kulichimba msituni, hifadhi ya Kilimanjaro hairuhusu kutoa mimea. Omba kwa jirani mwenye nalo au nunua kitaluni. Panda kitunguu kikiwa kimelala, wakati wa kiangazi, shingo yake ikilingana na uso wa udongo, sentimita 60 kutoka ukingo wa kaburi. Toa kwanza udongo wa pale kina cha sentimita 30, pamoja na vipande vya saruji, ujaze udongo mweusi wa kihambani uliochanganywa na samadi iliyooza, tatu kwa moja. Majani yakiwa ya manjano mvua zikiisha, yaache yafe, na usimwagilie mpaka mvua nyingine. Mwaka wa kwanza baada ya kuhamishwa linaweza lisichanue kabisa. Nakuambia mapema, ili mtu asije akasema ni ishara.

Tahadhari: kitunguu chake ni sumu kwa watu, mbuzi na ng'ombe. Nawa mikono baada ya kukishika, na usitupe mabaki penye majani ya mifugo.

Katika kusali, usijibebeshe mengi. Siku za kumwagilia, baada ya kuweka ndoo chini, soma zaburi moja fupi kwa sauti, mtaje mume wako kwa jina mbele ya Mungu kama tunavyowaombea marehemu wetu, useme pia unalolihofia siku hiyo, hata kama ni deni. Siku usiyoweza kusema kitu, mwagilia tu. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, bado hutakuwa na ua. Nenda na mikono mitupu, usafishe kaburi, uone mahali pa kupanda.

Na jambo moja lisilo la bustani. Ikiwa zaidi ya wiki mbili hulali, huli, huna nguvu ya kuamka, au mawazo ya kutaka kufa yanakuja, usingoje ua wala Pasaka. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, useme hivyo hivyo. Mawazo ya kufa yakija, nenda siku hiyo hiyo, uende na mtu. Maumivu hayo yana tiba, na kwenda hospitali hakupunguzi imani.

Baada ya Pasaka using'oe gladiola mara moja. Acha majani wiki 6 hivi mpaka yaanze kuwa manjano, fukua siku isiyo na mvua, kata shina, anika vitunguu kivulini penye hewa wiki 2 au 3. Vikikauka, kishike kimoja ukigeuze. Utakuta viwili vimepandana. Cha chini kimesinyaa, chepesi kama ganda: hicho ndicho ulichokipanda mkesha wa Noeli, kimekufa chote. Cha juu yake ni kipya, kizima, hakikuwepo. Soma Yohana 12:24 ukiwa umekishika. Kisha kivunje kile cha zamani, kitatengana kwa kidole, ukitupe, na vipya uviweke kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu mahali pakavu miezi 3 kabla ya kupanda tena. Pembeni utakuta vitoto vidogo kama punje za mahindi. Vioteshe kwenye tuta la mboga, vitachanua mwaka wa pili au wa tatu, na wifi yako mpe nusu.